Unene wa Kigae

Bwana Mapunda alifika saa kumi na mbili asubuhi
na utepe wa chuma, cheti cha upimaji, na kandambili.
Bwawa la shule, Upanga, lilikuwa bado limelala;
klorini tu ndiyo iliyoamka, inatuuma macho.
Akanishikisha ncha ya sifuri:
"Bana hapo hapo, mama. Usipumue."
Nikabana. Akazunguka upande wa pili,
njia ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita,
akasoma, akafuta miwani kwa shati, akasoma tena.

Ishirini na nne, nukta tisa nane.

Lingezidi mita ishirini na tano kwa sentimita moja, wangetuvumilia.
Likipungua hata kwa unywele, hakuna msamaha:
ndivyo kisemavyo kitabu cha shirikisho la dunia.
Nami nimekisoma chote, pengine peke yangu jijini,
mchana nikifunga hesabu za kiwanda cha magodoro Chang'ombe,
usiku nikijifunza kwa nini mwogeleaji wa kipepeo
lazima aguse ukuta kwa mikono miwili, kwa pamoja,
kama mtoto aliyefunzwa adabu anapopokea sahani.

Hizo sentimita mbili zimekwenda wapi?
Fundi Liganga alizipaka saruji mwezi wa tatu,
moja huku, moja kule,
akazifunika kwa vigae vya buluu,
maana mwenyekiti alitaka ukuta ung'ae
wageni wa kanda watakapokuja.
Umeng'aa.

Na Jumamosi ile, kati ya kuta mbili zinazong'aa,
Zamaradi Kipande, miaka kumi na sita, wa Mbagala Kizuiani,
aliogelea mita mia
akakipita kiwango cha mashindano ya dunia
kwa thelathini na moja ya mia ya sekunde.
Saa tatu zilibonyezwa. Moja ilikuwa yangu.
Mama yake alipiga vigelegele
hadi mlinzi wa geti akaja kuuliza harusi ya nani.

Mwalimu wake amepiga hesabu nyuma ya bahasha:
mapito manne, sentimita nane pungufu,
kwa mwendo wake ni tano ya mia,
kope haijamaliza kupepesa.
"Bado anakipita! Bado!" Akagonga meza.
Najua, Mwalimu. Mimi ni mhasibu.
Lakini fomu haina kisanduku cha "bado".
Ina cha urefu, cha mpimaji, na cha sahihi yangu.

Mwaka juzi nilikaa kwenye mkutano mkuu,
kiti cha nyuma kabisa, sauti ya mkalimani sikioni.
Kura yetu ilihesabiwa sawa na ya wenye mabwawa elfu.
Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.
Kifungu cha urefu kilipita bila mjadala;
nani angepinga mita kuwa mita?
Niliinua kadi. Mkono huu huu
uliobana sifuri.

"Sheria ni msumeno," alisema Bi Shirin, katibu, akinimiminia chai.
Sawa. Lakini msumeno haupigi simu.
Niliyepiga ni mimi.

Zamaradi alinyamaza. Nikasikia redio ya jirani, na kuku.
Kisha akauliza, bila hasira, kama anayeuliza bei ya vocha:
"Kwa hiyo niliogelea wapi?"

Sijamjibu.
Nimeandika 24.98, nimetia sahihi, nimegonga muhuri.
Jumatatu Fundi Liganga alirudi na patasi,
akinung'unika kwamba vigae hivi havikuwa vya bei rahisi
na kwamba sisi watu wa maji hatujui tunachotaka.

Kimoja nilikiomba. Kiko mezani kwangu,
kimekandamiza barua kutoka makao makuu
zisipeperushwe na feni.
Mgongoni bado kina saruji.
Ukikipima, pamoja na saruji yake, ni sentimita moja kamili.
Nimekipima mara tatu.