Alama ya Pasi

Nyuma ya soko la Tororo, kila Jumanne,
Okecho hupanga vilivyochokwa na watu:
redio isiyo na vitufe, miguu ya cherehani
bila cherehani, taa ya reli yenye kioo chekundu
na ufa. Vumbi la saruji limevipaka vyote unga,
na mimi pia, ndiyo maana hanioni nikifika.

Meza ilikuwa imelala chali chini ya turubai,
miguu juu, kama mbuzi aliyekwisha kuuzwa.
Kuku alikuwa akiatamia ndani ya droo.
"Elfu themanini," akasema, "mvule huo, dada."
Nikaugonga ubao, nikaunusa, nikaguna.
"Kwa themanini unipe na kuku."
Tukaachana kwenye hamsini na tano. Kuku alibaki,
ila yai moja lilinifuata hadi nyumbani bila hesabu.

Mama hakuinuka mkekani.
"Kipya kinyemi ingawa kidonda," akasema.
"Wewe umenunua kidonda. Kinyemi kiko wapi?"

Sikumjibu. Nilikuwa na msasa.

Kwanza ilitoka kijani, ile ya ofisi za serikali,
ikabanduka maganda maganda
kama ngozi ya mtoto aliyepona surua.
Chini yake buluu. Chini ya buluu, krimu
iliyonuka mafuta ya taa.
Nani huipaka meza rangi mara tatu?
Watu watatu, labda, kila mmoja akitaka
meza imsahau aliyemtangulia.

Siku ya nne mvule ukafumbua jicho:
hudhurungi ya chai ya rangi ikipigwa na jua.
Kwenye kona, mbao zimeumana meno kwa meno,
hakuna msumari hata mmoja.
Nikamwita Wabwire, seremala wa majeneza, aje aone.
Akavua kofia.
"Huyu," akasema, "hakuwa akilipwa kwa siku."

Na katikati, pale buluu ilipokuwa nene kuliko kote,
alama ya pasi ya mkaa: nyeusi, ncha mbele,
kama ulimi ulioishia nusu ya neno.
Nikarudia msasa. Nikapitisha randa. Haikutoka.
Nikakaa chini.

Kuna mtu alikuwa akipiga pasi, akaitwa.
Akaiweka hapa, si kwenye kigae chake,
maana yake alidhani ni dakika moja.
Aliitiwa nini? Mtoto kaanguka uani?
Treni ya jioni imepiga honi mapema,
na ndani yumo mtu asiyetarajiwa?
Au ni askari mlangoni, mwaka ule
watu walipofunga maduka na kuacha funguo?
Na shati. Lilikuwa la nani? Lilivaliwa?
Ninachojua ni kwamba moshi ulipanda kwa muda mrefu.
Weusi huo una kina cha kucha.

Bi Nantongo alikuja kutoka Kampala na gari jeupe.
Ana nyumba ya wageni, hupenda vitu vyenye umri.
Akaipapasa meza kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.
"Laki saba," akasema. Nikameza mate.
"Ila hilo doa ulitoe. Wageni watadhani ni uchafu."

Ingewezekana. Wabwire angekata kiraka cha mvule,
akakipachika, na usingeuona mshono.
Nikafungua mdomo niseme ndiyo,
nikajisikia nikisema, "Haiuzwi bila doa."
Akacheka. Akaona sicheki.
Akanunua viti viwili, akaenda zake.

Mama alinitazama kama niliyetupa laki saba kisimani.
Siku mbili hakunisemesha.

Siku ya tatu akaingia na sufuria ya ugali wa wimbi,
ingali inafuka, akitafuta pa kuitua.
Nikaruka: vanishi, mama, vanishi!
Hakunisikiliza. Akaitua juu ya ile alama, sawasawa,
akafuta mikono kwenye leso.

"Hapa," akasema, "pameshazoea moto."