Mawingu Alikula Viazi

"Umetia maji," akasema Ambwene,
akiinua kichupa usawa wa macho,
mstari wa mafuta mwembamba kama uzi wa kushonea.
Watu sita kwenye foleni, madumu mikononi,
wakatazama viatu vyangu.

Sikutia maji.
Nakamua mbuzi tangu sina meno mawili ya mbele,
hapahapa Isyonje, ukungu unapoingia ndani bila hodi,
na maziwa yenye maji nayajua:
yana bluu ya mbali,
kama ukucha wa mtu aliyeshikwa na baridi.
Yangu yalikuwa meupe. Tena mengi.
Wiki ile Mawingu alijaza ndoo kuliko wiki zote.

Hilo lenyewe ndilo lililoninyima usingizi.

Ulikuwa msimu wa viazi.
Malori yalikuja kubeba lumbesa,
vile vidogo, na vilivyokatwa na jembe,
vikabaki shambani havina bei.
Nikasema, si riziki hii?
Vya kijani nikavitupa, vingine nikavikatakata,
nikachanganya na pumba ya mahindi,
Mawingu akala mpaka akalala ubavu.
Nani apande mteremko kufuata majani,
na magoti haya, na tope lile,
na karo ya Lusajo inadaiwa?

Bupe ndiye aliyenieleza,
yule wa jirani anayesomea mifugo Uyole,
amekaa juu ya debe, ananisaidia kumenya.
"Tumbo la mbuzi, mama, si mfuko. Ni chungu cha pombe.
Mna vijidudu mle vinachachua usiku kucha.
Ukivipa majani makavu, mabua, kitu cha kucheua,
vinatoa siki,
na siki hiyo inapita kwenye damu hadi kiweleni
inageuka mafuta.
Ukivipa viazi vitupu vinachachua kwa pupa,
vinatoa kingine:
maziwa yanajaa, mafuta yanabaki njiani."

Sikumwamini. Nikajaribu.
Mawingu, viazi na pumba.
Kijivu, bintiye, hei na mabingobingo yaliyonyauka juani.
Siku kumi. Bupe akaazima kichupa chuoni.
Mama: mbili na nukta nne.
Binti: nne na nukta moja.
Kondoo wangu sikumhesabu,
kondoo ni tajiri wa kuzaliwa,
maziwa yake hushika kijiko hata mwaka wa njaa.

Halafu Julai kaka yangu akaniletea mashudu ya alizeti,
gunia zima, kutoka Iringa.
Asubuhi zile sakitu imeunguza majani ya viazi,
siagi ya kila mtu inakatwa kwa kisu kama sabuni ya mche,
yangu inateleza.
Nyeupe vilevile, maana siagi ya mbuzi haijui manjano,
lakini laini, inakimbia mkate.
Nikaionja nimesimama mlangoni.
Nikawaza: alizeti ilikamuliwa mashineni,
makapi yakatafunwa, yakacheuliwa, yakachachushwa,
na bado kitu chake kimefika kwenye kijiko changu
kikiwa hakijakubali kuganda.

Nilirudi kwa Ambwene na vichupa viwili.
Nikamweleza siki, nikamweleza chungu.
Hakusema samahani.
Aliandika namba kwenye daftari,
kalamu ikagoma, akaipulizia,
akanilipa.

Kwa lita.

Nikarudia kuhesabu noti nikiwa njiani.
Ya Kijivu, mazito, lita moja na robo.
Ya Mawingu, mepesi, lita mbili kasoro.
Kumbe mafuta hayana bei pale kwa Ambwene,
yana lawama tu.

Basi sasa napanda mteremko, mundu kiunoni,
narudi na mzigo wa majani mgongoni,
na jioni, mtu asione,
namwekea Mawingu viazi vitatu.
Anavimaliza, anainua kichwa,
ananitazama
kama ninavyomtazama Ambwene akifungua daftari.