Mkono Begani

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwakata wafu.
Kweli tupu. Mjini Kutaisi, nyuma ya karakana ya Avtandili,
mchonga mawe ya makaburi, palikuwa na meza,
kompyuta iliyokohoa kila ikiwashwa,
na mimi, Mzevinari, miaka ishirini na mmoja,
niliyefeli famasia mara mbili
nikamwambia mama mara moja.

Picha zililetwa ndani ya mifuko ya sukari.
Moja ililetwa ndani ya soksi.
Hakuna apigaye picha kwa ajili ya kaburi lake:
watu hupigwa harusini, pembe ya divai mkononi,
ufukweni Batumi, kifua wazi,
au nyuma ya keki ya mtu mwingine.
Mimi niliondoa keki.
Niliondoa bahari. Nilimvisha mzee koti la suti
nililoazima kwa marehemu wa wiki iliyopita.
Koti lile, kwa hesabu yangu, limezikwa mara kumi na tisa.

Avtandili hakuwa mtu wa maneno.
"Jiwe halijui labda," alisema. "Linajua ndiyo na hapana.
Ukitaka acheke, mwachie mwanga hapa,"
na kidole chake cha vumbi kikabaki kwenye kioo,
chini ya jicho la mtu, hadi jioni.
Nikajifunza kuzunguka sikio bila kulijeruhi.
Nikajifunza kwamba pengo nalo ni umbo,
kwamba herufi zetu, zinazojikunja kama vikonyo vya mzabibu,
zikibanwa hununa,
na jina likipata pumzi, hata mpita njia hulisoma.
Sikujua kuwa ujuzi huo una jina,
wala kwamba mahali fulani una mshahara.
Majirani waliambiwa niko benki.

Kisha Februari, theluji nusu maji,
akaingia Bibi Tsiala, viatu vikilia.
Picha moja tu ya mumewe Ushangi, fundi saa,
na begani pake mkono wa mtu aliyekatwa na ukingo wa karatasi.
Nikaufuta, kama mazoea. Robo saa, kazi safi.
Bibi akaitazama skrini,
akaitazama tena.
"Mwanangu," akasema, "huo ulikuwa wangu."

Nikaurudisha, kidole kwa kidole,
na pete iliyombana.
Avtandili akaguna: watu watauliza mkono wa nani.
"Waulize," alisema bibi. "Mimi bado nipo."

Macho hayana pazia, husemwa.
Kamera yangu inalo, tena limelegea:
niliinunua kuukuu, kwa mafungu matano,
nikaenda nayo sokoni asubuhi
kupiga picha za mikono. Wauza jibini, vidole vyekundu kwa chumvi.
Mwanamke wa jozi, kucha nyeusi mpaka Desemba.
Nyuso zao nikaziacha nje ya ukingo,
nikawachorea mabango, jina kubwa, mkono, basi.
Wa kwanza alinilipa jibini.
Wa pili alisema mkono si wake, ni wa dada yake,
lakini alilitundika.
Wa tatu alikuwa na binamu mwenye kiwanda cha maji ya chupa.

Leo nina chumba juu ya duka la viatu
na kibao mlangoni nilichokipaka rangi mara mbili,
maana mara ya kwanza jina langu lilinuna.
Kodi inanikimbiza. Alhamisi narudi kwa Avtandili.

Jana mama alipanda ngazi, akihema,
akatoa picha kwenye mfuko wa sukari.
"Nikate wewe," akasema, "kabla sijafa,
yule mwingine atanivisha koti."
Ni yeye, kijana, anamcheka mpiga picha,
na kwenye kona, kiguu cha mtoto kinachopiga teke,
soksi imemtoka nusu.

Nimeikuza mpaka nikaona uzi wa soksi.
Mkasi wa kompyuta unapepesa, unapepesa.
Sijabofya.