Mara ya Tano

Naijua kwa kikohozi kabla sijaiona.
Inapinda pale kwa muuza vipuri,
inakohoa mara mbili, inavuta mguu,
na moshi mweusi kama kaniki
unatandazwa juu ya karai la viazi la jirani yangu.
Pikapu ya Bi Tsofwa, ya mikate.
Taa ya njano imewaka tena.

Mara ya tano hii tangu Ramadhani.

Naweka chai pembeni. Spana ya kumi na mbili.
Boliti mbili zinatoka kwa hiari, zimenizoea;
ya tatu ina kiburi,
huibembeleza kwa mafuta, kisha kwa matusi.
Valvu inakuja mkononi, mdomo wazi,
koo lote masizi: mororo juu, magumu chini,
kama ukoko wa sufuria iliyosahauliwa msibani.

"Jefwa, si ulisema umesafisha?"
"Nilisafisha, mama."
"Basi uchafu huu umetoka wapi?"

Namjibu nikiwa nimeinama.
Gari hili, mama, limeumbwa kula moshi wake.
Linapumua nje, mlango huu mdogo unafunguka,
na sehemu ya pumzi ile inarudishwa kifuani
ili moto usipande mno, hewa ya watu isichafuke.
Waliolibuni walikuwa na adabu.
Lakini anayemeza pumzi yake kila siku,
ipo siku koo litamkaba.

"Kuna fundi Kisumu Ndogo," anasema,
"atakata bati aizibe. Mia tano tu."

Kukata bati hata mimi najua.
Nilimzibia Mwitaliano mmoja;
wiki haikwisha, akarudi na taa ile ile
na jina la kwao aliloniita,
ambalo sikuuliza maana yake.

Mama, wewe unatoka na mikate Barani,
unashusha Shella, unashusha hotelini, unarudi.
Unahesabu mikate injini ikinguruma bure.
Dizeli ni kama chungu cha udongo:
kisipopata moto wa kweli hakiivi.
Ipe njia ndefu, mara moja kwa wiki.
Vuka daraja la Sabaki, panda hadi Marafa,
gea ya tatu, mguu chini, usiionee huruma.

"Marafa?"

Anakunja pindo la leso, anakunjua.
Gereji nzima tunajua:
Marafa yuko dada yake, liko shamba la baba yao,
iko kesi, na miaka saba bila hodi.

"Hakuna njia nyingine ndefu?"
"Iko ya Mombasa."
"Ya Mombasa ina askari."

Sikuongeza neno. Nilichukua mswaki wa zamani na petroli,
nikasugua hadi chuma kikaonyesha uso,
maji meusi yakitona kwenye kopo.
Gasketi mpya. Taa ikazimika.
Akanilipa pesa, na mikate miwili,
mmoja umeungua, kama kawaida.

Mwezi ukapita. Wa pili nao.
Nikadhani amekwenda kwa yule wa mabati,
na, niseme kweli, iliniuma kidogo.

Jumanne akaja, bila kikohozi.
Vumbi jekundu limegandia matairi,
na nyuma, kati ya trei tupu za mikate,
mwanamke mwenye pua kama yake
amepakata kikapu cha korosho,
amenuna, anatazama upande wa pili.

"Nitazamie tu," akasema Bi Tsofwa.

Nikafungua. Masizi yapo,
membamba, makavu, ya kijivu;
nikayafuta kwa kidole.
Sitasema limepona. Yatarudi:
palipo na moto na pumzi yatarudi,
na mimi nitakuwa hapa na mswaki wangu.

Sikuuliza habari za kesi.
Yule wa nyuma akashuka, akaja kuchungulia,
akauliza kwa nini gari lina tundu hapo.
Bi Tsofwa akaanza kumweleza, kwa maneno yangu,
akiyakosea nusu.

Nami nikarudishia boliti.
Ile ya tatu bado ina kiburi.