Mstari wa 412

Saa nane usiku, Newala. Ukungu umepanda kutoka Ruvuma
umeegemea dirisha, haubishi hodi.
Ndani ya stoo ya chama, kati ya magunia matupu,
seva inakohoa.
Ni salfa. Tangu Juni watu wanapulizia mikorosho
na vumbi lake la njano halijui mlango uliofungwa;
nimelisugua kwenye feni kwa mswaki wangu wa zamani,
kesho litakuwepo.

"Usiache mbachao kwa msala upitao,"
aliniambia Meneja Nandonde mchana, akisaini posho yangu.
Mbachao wangu, meneja, una tundu:
simu ya sitini ikiingia,
ya sitini na moja inasikia ukimya.
Na siku ya mnada hawapigi sitini.
Inapiga Kitangali, inapiga Chilangala, inapiga Mnyambe yote,
kila mwenye gunia anataka bei kabla jua halijazama,
na aliyesikia ukimya hangoji.
Uani kwake kashasimama kangomba
na bakuli lake, na noti zilizokunjwa.

Mtambo mpya ninao. Nimeuweka kwenye kompyuta ya karani wa stakabadhi.
Ni wa bure kama huu, umeachwa wazi kama huu,
msimbo wake waweza kuusoma mwanzo hadi mwisho
kama barua isiyotiwa gundi.
Juzi niliumiminia simu mia nne za uongo.
Ukapokea zote, wala haukutoka jasho.
Lakini cha bure hulipiwa kwa usingizi:
hauelewi hata neno moja la Likwata.

Likwata. Miaka tisa kwenye kiti hiki
kabla hospitali ya Lindi haijamchukua, mshahara mara mbili.
Kila njia ya simu aliichora mwenyewe
na pembeni akatuachia maneno:
"Mvua ikinyesha laini ya Malatu hukatika. Jaribu mara tatu."
"Ghala la nne, mlinzi hasikii sikio la kulia. Iite muda mrefu."
"Namba hii hupiga kila alfajiri. Hana korosho. Mpokeeni."
Na ile sauti ya Somoe, iliyorekodiwa chooni,
mahali pekee pasipofikiwa na kelele za kubangua:
*Karibu. Kwa bei ya leo, bonyeza moja.*
Ukitega sikio, nyuma ya "leo" kuna tone la bomba.
Ilikuwa siku ambayo maji yalitoka.

Sasa nitamhamishaje mlinzi asiyesikia?
Mtambo mpya una mahali pa namba, pa sekunde, pa nywila.
Nimeandika upya njia thelathini na moja
na kila niliyoimaliza naikagua kama mtu anayehama nyumba,
anayerudi tena, na tena, kutazama chini ya kitanda.

Saa tisa na robo nikafika mstari wa 412.
Huu ndio ubebao mnada. Huu ndio wenye ile sitini.
Na pembeni yake, kwa mkono uleule:
"Hii ni ya muda tu. Nitarekebisha wiki ijayo. L."
Tarehe: Novemba, miaka minane nyuma.

Nilicheka hadi mlinzi akamulika tochi.
Ewe Likwata! Wiki nzima natembea kwa vidole
nisije nikabomoa ukuta wako,
kumbe ni turubai, ulitundika mvua ikikufukuza.

Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, najua.
Nitawapanda hadi mnada wa kwanza,
nione msamba wangu una nyuzi ngapi.
Usiku huu nimehamisha namba moja tu,
ya yule wa alfajiri,
kwa kuwa ndiye pekee atakayepiga leo bila shaka,
na kwake hakuna bei ya kukosea.

Saa kumi na moja kasoro. Ming'oko imepoa kwenye kopo.
Taa ya mtambo mpya imetulia, kijani, haijui lolote.
Pembeni ya mstari nimenakili: "Hana korosho. Mpokeeni."
Chini yake nikaanza, "Hii ni ya mu

nikafuta.