Mbuzi wa Mama Chibago

Chaki ziliisha Jumanne. Nikawatoa nje,
watoto arobaini na wawili wa darasa la kwanza,
na vumbi la Hombolo likatutangulia.

"Nileteeni duara," nikasema.
Wakarudi na ungo, na kifuniko cha sufuria,
na ringi ya baiskeli isiyo na spoku.
Malogo akaleta chapati iliyoliwa upande.
"Hii ilikuwa duara, mwalimu. Asubuhi."

Nikaandika: nusu duara, Malogo.

Pembe tulizikuta kwenye tembe ya kina Masinga,
pale ukuta unapogeuka kama mtu aliyeitwa.
Tukasukumiza kona ya daftari ndani yake,
ikakaa kimya, haina pengo. Pembe mraba.
Ya pili mvua ya Januari iliitafuna;
daftari likachezacheza kama jino bovu.
Masinga akatazama miguu yake.
Nikamwambia, hii ni pembe butu,
nayo ina jina lake kitabuni.
Akainua uso kidogo.

Shambani kwa zabibu nguzo zilikwenda mbali, safu kwa safu.
"Mistari hii inakutana wapi?"
"Kule mlimani!" Vidole vyote vikaelekea huko,
maana jicho ndivyo linavyosema.
Basi tukaenda tukipima kwa unyayo toka safu hadi safu:
kumi na mbili mwanzoni,
kumi na mbili katikati,
kumi na mbili kwenye mti wa mwisho.
Mlima ulitudanganya, na walicheka sana.

Tulipokuwa tunarudi, Sechelela akanivuta mkono,
Sechelela ambaye tangu afunguliwe shule
alikuwa ananijibu kwa kichwa tu.
Mbuzi wa Mama Chibago alikuwa kwenye kigingi.
Nyasi zimekwisha pande zote,
kisha, ghafla, kijani.

"Mbuzi amechora," akasema.
"Mbona hakuchora kona?"
"Kamba imekataa. Kila anapokwenda ni ile ile."

Miaka miwili chuoni nilikariri sentensi ndefu
kuhusu nukta zote zilizo umbali sawa na kitovu.
Mbuzi, ambaye hakukariri kitu,
alinyoosha shingo kulifuata jani moja
nje kidogo ya mstari.

Alhamisi chaki zikaja, boksi mbili.
Nikachora duara ubaoni, zuri, la kujivunia,
nikageuka kupokea sifa.

Nyuma kabisa, mkono mdogo juu:
"Mwalimu, kigingi kiko wapi?"