Daftari la Pembe Sita

Daftari langu la duka
hulifunga kila mwaka;
vinanda vya kukunjuka
navihesabu Ruwini.

Si kodiani nauza,
hizo wengi huziweza;
ukivuta, vyajijaza,
pembe sita viganjani.

Duka ni la mjombangu,
karudi na lake fungu,
na sauti za Kizungu
kaziweka sandukuni.

Konsatina ndilo jina,
ndugu watatu wa shina;
kwa sura wanafanana,
wakisema, ni wageni.

Wa kwanza ana vituko:
mbane, husema "huko";
mvute, husema "siko";
kitufe kile, jamani!

Huyo ndiye mpendeka:
kumi rafu nikiweka,
saba mwezini hutoka
kwa riyali ishirini.

Shahdadi, fundi wa gari,
apenda yake jeuri;
saa sita adhuhuri
humvuta gerejini.

Asema, "Mwenye hasira
ndiye hunipa harara;
mpole simwoni bora,
atanilaza njiani."

Wapishi wa melikebu,
wauzaji wa kababu,
hata mwalimu Habibu,
wote wapanga foleni.

Wa pili ni muungwana:
bana, vuta, hulingana;
neno lake moja, bwana,
asubuhi na jioni.

Huyo kwa mwaka ni sita,
au saba nikipata
mteja asiyesita,
na noti zi mfukoni.

Bwana Anselmo wa benki,
jeuri yeye hataki;
husema, "Huyu habweki,
hagombani na jirani."

Humfunga kwa hariri,
huku akitafakari,
kama kwamba ni shairi
la kusomwa harusini.

Alhamisi hukutana,
kahawa, halua, tena
hapo ndipo hubishana
hadi taa za njiani.

Huyu: "Wengi wape, wape!"
Yule: "Wengi ndio kupe!"
Mimi sijui nikwepe
au nikae kitini.

Wa tatu yu peke yake:
kulia, wimbo utoke;
kushoto, uitikike;
wawili ndani kwa ndani.

Miaka kumi na moja
hajamtaka mmoja;
vumbi humla pamoja
na barua za zamani.

Vitufe vyake msitu,
hupotea kila mtu;
akijaribu, si kitu,
humrudisha rafuni.

Hilali huniambia,
"Baba, soko lakimbia,
huyu wamng'ang'ania,
mpeleke mnadani."

Juzi, mwezi wa Agosti,
jua lachoma mabati,
Ghalya binti Barakati
akaingia dukani.

Alikuwa muuguzi,
Nizwa, wodi ya wazazi;
leo hana tena kazi
wala mtu wa nyumbani.

Zamani yeye na kaka:
akianza, huitika;
mwaka juzi kamzika,
na nusu ya wimbo chini.

Wa kwanza kamkataa:
"Kelele zimenijaa."
Wa pili: "Huyu hukaa
akingoja wa pembeni."

Akafika kwa wa tatu,
akafuta vumbi letu,
akavua na viatu,
akaketi kibaoni.

Saa nzima kapotea,
akikosa, arejea;
kiyoyozi chatetea,
mimi na chai mezani.

Mara kulia kwaimba,
kushoto kwajibu, "Kwamba?"
Wawili katika nyumba
ya ngozi, pumzi ndani.

Bei sikuitamka;
noti zake akaweka,
kaondoka akicheka,
konsatina kifuani.

Daftari silibadili:
themanini na wawili,
sita wa yule wa pili,
mmoja wa mwisho, chini.

Hilali kachungulia,
mstari kaurudia:
"Mmoja? Ndo umelia?"
Nikapangusa rafuni.

Nafasi sikuijaza.
Wakija kuniuliza
yupi anayeongoza,
nauliza: "Nyumba gani?"